Siku Nilipomwambia Bibi Vita Vilikwisha

Mwezi wa sita nilipita Njombe, katika baridi ile unayoijua, ya kumfanya mtu aongee meno yakigongana, nikaenda kuitazama shule niliyosomea utotoni. Darasa letu sasa ni stoo ya mbolea. Niliuangalia ukuta wa mbele, mahali ilipokuwa chati ya mwalimu, nikashikwa na hasira niliyodhani imeshazeeka pamoja nami.

Chati ile mwalimu aliichora mwenyewe kwa wino, kwenye karatasi nne alizoziunganisha kwa uji. Juu aliandika "Siku Dunia Ilipogeuka". Ilianza Waturuki walipouvunja ukuta wa Konstantinopoli, ikafuata mashine ya kupiga chapa vitabu, kisha meli za Kolumbasi, kisha Luther, ambaye kwa kuwa shule ilikuwa ya misheni alipewa nafasi ya watu watatu. Wafaransa wakamkata mfalme wao kichwa, mvuke ukavuta mabehewa, na chini kabisa vikaja Vita Kuu, na mwaka vilipoanza na mwaka vilipokwisha. Karatasi iliishia hapo. Vita vya Hitler vilikuwa vimemalizika juzijuzi tu, na mwalimu alikuwa bado anatafuta karatasi ya tano.

Kila asubuhi tuliimba yote hayo, miguu peku kwenye sakafu ya udongo, naye akigonga kila mstari kwa fimbo ya mwanzi. "Mkiyajua haya hakuna atakayewadanganya," alikuwa akisema. Nilimwamini. Nilikuwa msichana wa kwanza darasani, mwenye kiburi cha kuwatosha watoto wawili.

Nililelewa na bibi, mama yake mama. Juu ya jiko lake, katikati ya moshi na mahindi ya mbegu, lilichomekwa jembe la babu, kazi ya mhunzi wa Kipangwa. Kwetu jembe la mume halishikwi na mwingine mpaka aliweke chini mwenyewe, au mpaka watu wamlilie matanga. Waingereza walipoingia Njombe kuwafukuza Wajerumani, jumbe alipita akikusanya wapagazi, akamchukua babu, mama yangu akiwa bado tumboni. "Atarudishwa vita vikiisha," jumbe alimwambia bibi. Jirani aliyekwenda naye alirudi, akasema alimwacha ng'ambo ya Ruvuma, anaumwa tumbo, lakini anapumua.

Basi bibi akangoja. Kila masika alilipaka jembe mafuta ya nyonyo lisipate kutu. Vijana walipoitwa tena kumpiga Hitler, kwake havikuwa vita vipya. Mabuti yalikuwa yaleyale, bendera ileile, na mtu wa jumbe alipita vilevile na orodha. Vita vilikuwa vimepumzika tu, sasa vimeamka. Watu wazima walijua anavyofikiri, wakamwacha, kwa sababu walikuwa na akili kuliko mimi.

Ndipo zikaja habari kwamba malori yanashusha askari Makambako. Bibi alichemsha viazi mviringo, akavifunga kwenye kitambaa cheupe cha kanisani, akajaza kibuyu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, akanishika mkono. Tulitembea siku mbili kwenye matope, tukalala kwa shangazi njiani. Bado nausikia mlio wa yale malori yakipanda kilima, na harufu ya makoti yaliyolowa.

Bibi alisimama kando ya barabara, akamsalimu kila aliyeshuka, "Kamwene," akamtaja babu kwa jina lake na la baba yake. Walikuwa vijana tupu. Mmoja alivua kofia. "Mama, sisi tumetoka Burma. Huyo simfahamu."

"Basi yuko lori la nyuma," bibi alisema, akarudi kusimama.

Siku ya tatu ya kungoja nilichoka. Nilikuwa na njaa, na mtihani wa darasa la nne ulikuwa unakaribia.

"Bibi, hawa ni wa vita vingine," nilisema. "Vita vya babu vilikwisha zamani. Mama alikuwa mtoto wa kubebwa. Viko kwenye chati." Nikamwimbia mstari mzima, mwaka na yote, nikipiga paja badala ya fimbo.

Aliiacha barabara, akanigeukia. "Mwalimu ndiye aliyesema?"

"Ndiyo, bibi."

"Na waliochukuliwa, wote walirudishwa?"

Chati haikusema. Nikajibu ndiyo, kwa kuwa mimi niliyezoea kuwa wa kwanza niliona aibu kusema vinginevyo.

Bibi akakaa chini palepale, akafungua kitambaa. "Kula. Kumbe alirudishwa, akaenda kwa mwingine." Nikala viazi vya babu, vyote, vikiwa vimelala siku tano.

Nyumbani alilichomoa jembe, akampa mjomba, naye akalilimia mpaka likabaki kama kijiko. Majirani walipotaka kumlilia babu matanga, bibi alikataa. "Haliliwi mtu aliye hai." Mama alipojifungua mtoto wa kiume, bibi alikataa apewe jina la babu. Mtihani nilipita vizuri, na swali la Vita Kuu nililijibu kwa ufasaha mkubwa.

Nilikuja kuwa mwalimu wa historia. Bibi alikuwa ameshazikwa niliposoma juu ya wapagazi, walivyokufa kwa njaa na kuhara kando ya njia, wakaachwa bila kaburi, wengi wao bila hata kuandikwa majina. Siku hiyo nilifunga kitabu nikalia kama mtoto. Bibi yangu alikufa akiamini kwamba ameachwa, na aliyemwambia ni mimi.

Leo chati haipo, jembe halipo, na Makambako pale alipokuwa amesimama bibi pamejaa maduka. Neno alilolihitaji siku ile lilikuwa "sijui". Nilikuwa nimekariri miaka ya dunia nzima, na hilo sikuwa nimefundishwa.