Alice na Malka ya Kijiji Chetu

Mimi kalamu nimeishika uzeeni, huko shule ya ngumbaru, lakini habari ya wifi yangu Alice simwachii mwingine aiandike akakosea.

Kijiji chetu kiko karibu na Wema, upande wa Garsen. Mababu zetu Wapokomo walilima mpunga na ndizi ukingoni mwa mto Tana, wakawaachia Waorma wafugaji malka, njia ya ng'ombe kushuka kunywa maji. Hawakuandika popote. Walikubaliana kwa mdomo, na neno lao lilikuwa neno.

Mwaka juzi mafuriko yakafunika yote kwa tope. Maji yalipopungua, mpaka wa malka na mashamba hauonekani. Kila mtu akapanda alipotaka, hata Alice akapanda migomba. Kisha tukaambiwa wapimaji wa ardhi wanakuja, na kitakachoingia kwenye ramani ndicho hicho milele. Vijana wakasema malka haipo tena, tugawane. Aliyepiga kelele zaidi ni Zadock, mwana wa Alice mwenyewe.

Siku ya kupima akaja Huka, mzee wa Waorma. Akasema, "Mkifunga malka, ng'ombe watapita kwenye mpunga. Mnataka tupigane tena?"

"Basi tuonyeshe ilipopita," Zadock akamwambia.

Huka akainua fimbo aonyeshe, akatazama tope, akaishusha.

Alice akachukua jembe. "Zadock, umesoma mpaka Garsen, lakini ardhi hukuisoma. Shamba ni laini hata chini ya tope. Palipokanyagwa na kwato tangu babu zako, jembe hulia."

Akachimba hapa, laini. Kule, laini. Vijana wakacheka: "Nyanya, unatafuta panya?"

"Natafuta akili zenu."

Akaingia kwenye migomba yake, akapiga. Ko! Jembe likaruka. Akapiga mbele yake, ko! tena.

"Mama," Zadock akasema polepole, "hiyo migomba ni yetu."

"Ilikuwa."

Akaomba panga. Akaikata yote, mingine ina mikungu, na hakutaka msaada wa mtu.

Huka akasema, "Mama Zadock, ungezaliwa kwetu tungekupa ndume wa ng'ombe kwa heshima."

"Nipe maziwa. Ndume atanimalizia mpunga."

Wapimaji wakapigilia vigingi pande zote mbili za malka, Zadock akiwashikia kamba, uso chini. Malka yetu imo kwenye ramani, nimeiona kwa macho yangu. Siku ile ile ng'ombe wa Huka walishuka mtoni kwa mstari, katikati ya mashamba yetu, na hakuna hata mmoja aliyeng'oa jani la mpunga.