Besi ya Mzee Besi

Mtaani walimwita Mzee Besi. Hakuna mgeni aliyeingia kwake akatoka bila kuelezwa kwamba ujanani alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya shemeji yake. Aliwawekea wimbo wa bendi hiyo kwenye kompyuta, kisha akavilaani vispika vya mezani: "Vinalia kama mbu! Besi yangu yote vimeimeza."

Mwishowe akatafuta nakala safi ya wimbo, akaleta spika kubwa. Mkewe alimsihi abaki na vile vya zamani. Ikawa kumpigia mbuzi gitaa.

Besi ikanguruma hadi vikombe vikatikisika kabatini. Ilikuwa tamu, yenye mikato ambayo vidole vyake havikuiweza hata siku moja.

"Nani huyu anayepiga?"

Mkewe akainama. "Kaka alimwita mtu mwingine studio, akarudia sehemu yako. Aliniomba nisikwambie."

"Miaka yote hii unanisikia nikijigamba mbele za watu, na wewe kimya?"

"Vile vispika vilikuwa vinakusitiri, mume wangu," alisema. "Ni wewe uliyevikataa."