Kiatu Kwenye Msumari

Mume wangu anapenda usafi. Nalisema hili mapema asije mtu akadai nimemsingizia. Anapiga pasi mpaka leso, na kijiko kikikaa mahali pa uma hali chakula mpaka kihamishwe. Lakini ukimwambia kwamba dada yake naye ni msafi, anacheka, kwa sababu dada yake ni fundi magari, na kwa mume wangu usafi na grisi havilali nyumba moja.

Huyo dada yake ndiye wifi yangu. Tunaishi uwanja mmoja, sisi nyumba ya mbele, yeye chumba cha nyuma, na katikati lipo banda la gari waliloachiwa na baba yao. Wifi alikuwa akitengeneza mabasi ya kampuni mpaka kampuni ikafungwa. Ndoa yake ilikuwa imetangulia kuvunjika. Akarudi nyumbani na sanduku la spana, akaanza upya bandani. Wanaume wa mtaa walikuja kuchungulia, wakacheka, wakaenda zao. Leo hao hao ndio wanaomgongea asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba radhi.

Ukuta mzima wa banda aliupiga misumari. Kila chombo kina msumari wake, na nyuma yake amechora umbo lake kwa rangi nyeusi, hivyo ukiondoa koleo, linabaki koleo la rangi linakutazama. Vya breki viko karibu na mlango, vya injini juu ya meza, vya umeme pembeni kusikofika vumbi. Jeki iko chini ya meza na stendi zake kando, na taa inaning'inia kwenye waya unaofika kila kona. Bolti anazozifungua anazipanga kwenye trei ya mayai kwa mfuatano, iliyotangulia kutoka ndiyo ya mwisho kurudi. Nimemwona ameinamia injini, hatazami nyuma, ananyoosha mkono tu na spana inakuja. Kazi ambayo gereji ya barabarani inaifanya kutwa, yeye anaimaliza maharage yangu hayajaiva. Watu wanasema ana dawa. Dawa gani?

"Wenzangu si wavivu, wifi," huniambia. "Wanatafuta spana tu. Ukiondoa kutafuta, gari lenyewe halina kazi."

Na kuazima kuna sheria. Ukichukua chombo, unaacha kiatu kimoja kwenye msumari wake. Hakuna anayesahau kurudisha koleo akiwa na kiatu kimoja. Mwalimu mkuu wa shule ya hapa aliwahi kuvuka barabara na soksi, na alirudi mbio. Aliyekataa ni mume wangu peke yake. "Mimi ni wa nyumbani," alisema. "Niache kiatu kwangu mwenyewe?"

Sasa sikilizeni alichofanya huyu wa nyumbani.

Jirani yetu ni dereva, na mkewe figo zake hazifanyi kazi. Siku zake za kusafishwa damu zikifika lazima awe hospitali kabla ya mchana aunganishwe na mashine. Akichelewa, zamu yake anapewa mwingine, na kule habembelezwi mtu. Pampu ya maji ya gari lao ikaanza kuvuja. Wifi akamwambia dereva: "Nunua pampu mpya, niletee gari alfajiri ya siku yake. Mtaondoka na nafasi ya kunywa chai." Dereva hakutafuta gari jingine. Atafute kwa nini? Wifi akisema, amesema.

Siku moja kabla, mimi na wifi tulikwenda kumwona mama mkwe wangu. Tulirudi tumechoka, tukaoga, tukalala. Alfajiri nikamsikia wifi anafungua banda, kisha kimya. Wifi huimba asubuhi, kwa hiyo nilitoka kuangalia. Harufu ya rangi ilinipokea mlangoni. Ukuta ulikuwa mweupe pe, kama wa zahanati. Msumari hamna, umbo hamna. Magunia yalisimama kwenye kona, yamefungwa kamba vizuri, na meza ya kazi imetandikwa kitambaa changu cha mezani.

Mume wangu alikuwa ameshaondoka na gari lake kwenda kazini. Nikampigia simu.

"Mmeona?" akasema, sauti imejaa tabasamu. "Nimewasafishia. Sasa hata mgeni anaweza kukaa humo."

"Vyombo vya dada yako viko wapi?"

"Si vimo kwenye magunia? Sijatupa hata kimoja. Kweli, shukrani ya punda ni mateke."

Punda. Mwanamke aliyeuchora ukuta ule umbo baada ya umbo, miaka na miaka, ndiye punda, na aliyeufuta kwa brashi anangoja ahsante. Nilikata simu kwa sababu dereva alikuwa akiingiza gari, mkewe amekaa mbele na mfuko wa hospitali mapajani, na maneno yaliyokuwa yakinijia hayakuwa ya kusikilizwa na mgonjwa.

Tulimwaga magunia uani. Nyundo zilikuwa juu ya vipima umeme, bisibisi zimeoga mafuta ya breki. Wifi alipiga magoti akachambua kama anayetoa mawe kwenye mchele. Kila alichohitaji tulikifukua sote, mpaka mgonjwa mwenyewe akashuka kusaidia.

"Shoga, kaa," nikamwambia.

"Nikikaa naangalia saa," akanijibu.

Mkanda ukatoka. Zikabaki bolti zinazoshika pampu, nazo zimejificha, zinataka ile boksi spana namba kumi yenye shingo ndefu. Haikuwepo. Tuliyapindua magunia nje ndani. Nikampigia tena mume wangu. "Namba kumi? Angalieni vizuri jamani, imo humo." Dereva akakimbilia gereji ya barabarani, wakamwambia namba kumi hata wao wanaitafuta tangu mwaka jana. Akapata kwa mtu mwingine moja iliyokwisha meno. Ikateleza, ikamchuna wifi vidole, naye akaendelea nayo damu inamtoka. Pampu ilipokaa, jua lilikuwa utosini.

Walifika hospitali wakakuta mashine ina mtu. Wakaambiwa warudi kesho.

Jioni yule mama alipita kwetu, miguu imevimba, viatu kavishika mkononi kwa sababu haviingii tena. "Ahsante kwa kuhangaika," alimwambia wifi. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikatamani immeze mume wangu badala yangu.

Naye ndipo alipoingia, anapiga mluzi, funguo zinazunguka kidoleni. Akamkuta jirani kwenye kiti changu, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Shemeji, umeumia?" akauliza. Nilimweleza mimi, yote, mbele ya watu, na sijutii. Nilipotaja namba kumi, mluzi na rangi ya uso vilimtoka pamoja. Akaenda kwenye gari lake, akarudi nayo mkononi. Asubuhi betri yake ilikuwa imelegea. Aliitoa spana kwenye gunia, akakaza, akaitupia kwenye droo ya gari. Kutwa nzima alikuwa akitembea nayo, huku akituambia tuangalie vizuri.

"Mdogo wangu," wifi akasema, "vua kiatu."

Alivua. Wifi akagonga msumari katikati ya ule weupe, akakitundika.

"Dada, si nimeirudisha?"

"Spana umerudisha. Ukuta bado."

Tangu hapo anakwenda kazini na ndala, na kila akirudi anaingia bandani. Anaegesha chombo ukutani, anakizungushia brashi, anauliza, "Dada, hii?" Wifi anamwelekeza kwa kidole chenye bendeji. Mimi simpelekei hata maji. Kitambaa changu hakijatoka grisi mpaka leo.

Jana jirani alipita anatoka hospitali. Ile kesho aliyoambiwa arudi alipata mashine, uvimbe umeshuka, na viatu vyake viko miguuni. Akasimama mlangoni akautazama ukuta.

"Jamani," akasema, "mrudishieni shemeji kiatu chake. Kutembea bila viatu kwa ajili ya kosa si kuzuri. Mimi nimetembea."

Wifi akanyoosha mkono kukitungua.

"Kiache, dada," mume wangu akasema, na hakugeuka kututazama. "Sijamaliza."