Neno Moja Kwenye Fomu ya Mzee Ndolo

Mzee Ndolo alistaafu ukarani akabaki na mwandiko mzuri na ufunguo wa duka la mtu mwingine. Duka ni la Mumina Burale, jirani yake Msomali wa mlango wa pili hapa mtaani Umoja, anayeuza mapazia kwa jumla na rejareja. Kila Mumina anapokwenda Garissa kumwona mama yake, Mzee Ndolo ndiye hufungua, huuza na kufunga. Hata vibandiko vya robota za mapazia, mzee ndiye humwandikia. Wameishi hivyo miaka kumi na minne, na hakuna aliyewapeleka semina.

Basi nchi moja ya mbali ikagundua kwamba hatuaminiani. Sijui ilituona wapi. Vita viko ng'ambo ya mpaka, Somalia, na nchi hiyo ina ndege zake huko. Ikafikiri kwamba mabomu yakilia kule, Mkamba na Msomali wa Umoja lazima wananyemeleana kwenye ngazi. Ikatuletea shirika liitwalo Daraja la Kuaminiana. Shirika likatuletea Sylvance, kijana mpole mwenye kadi shingoni, aliyekodi ukumbi wa kanisa na kutugawia sambusa.

Tuliketi duara. Sylvance akatuambia tufumbe macho, tujiachilie tuanguke kinyumenyume, jirani wa kabila lingine atudake. Mzee Ndolo, na mgongo wake mbovu, alidakwa na Mumina mara tatu ndipo picha ikatoka vizuri. Halafu tukajaza fomu: "Nani mtaani unamwamini?" Mzee Ndolo akaandika Mumina Burale. Sylvance akaisoma, akasema mradi umefaulu. Ulikuwa na umri wa wiki mbili.

Mwaka uliofuata wafadhili walipiga kura kwao. Sisi hatukupiga, lakini matokeo yalifika Umoja kabla ya maji ya mfereji. Serikali yao mpya haikutaka kusikia habari za kuaminiana, ilitaka usalama. Bango likapakwa rangi, likawa Daraja la Usalama. Sylvance alikuwa yule yule, sambusa zile zile, ila nyama ilipungua. Fomu nayo ilibadilishwa neno moja: "Nani mtaani unamwogopa?"

Hapo ndipo Mzee Ndolo alipoharibu mambo. Kwao Machakos, kwa Wakamba, mwanamume humwogopa mama mkwe. Akimwona njiani huchepuka, na wala hachepuki kwa sababu atapigwa; ni heshima imezidi. Mzee Ndolo huwa anasema anamwogopa Mungu, anamwogopa mama mkwe, na anamwogopa Mumina, kwa kuwa mwanamke huyo hajui kusema uongo, na akikutazama nawe unashindwa kuusema. Aliona swali ni la mwaka jana, limeongezwa adabu tu. Akaandika kwa mwandiko wake wa ofisini: Mumina Burale. Sana.

Wiki tatu baadaye watu wawili wa shirika waliingia dukani kwa Mumina. Walitaka kujua mapazia yanatoka wapi, na huko Garissa humfuata nani kila mara.

"Majirani wanakuogopa, mama," mmoja wao alisema.

"Majirani gani?"

Wakamwonyesha karatasi. Jina la aliyeijaza lilikuwa limefunikwa kwa wino mweusi, lakini mwandiko haukufunikwa. Mumina aliutazama, kisha akatazama vibandiko vya robota zake ukutani.

Jioni alimtuma bintiye, Sagal, akachukue ufunguo. Sagal, ambaye hajui kuficha jambo, alimweleza mzee kila kitu pale mlangoni. Asubuhi Mzee Ndolo akanichukua twende ukumbini. Alitaka shirika limwandikie Mumina barua ya kusahihisha. Tulimkuta Sylvance anapanga viti vya plastiki.

"Mradi umefungwa, mzee. Wafadhili wamekata misaada yote. Wanasema sisi si shida yao tena."

"Na karatasi yangu?"

"Ilishatumwa."

"Ilitumwa wapi?"

"Hata mimi sijui, mzee. Iko kwa mfumo."

Alisema hivyo kwa upole, na upole ule ulinikasirisha kuliko tusi. Nilitamani kumpiga kwa kiti, ila viti vyote alikuwa ameshavifunga kamba.

Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja dukani. Mzee Ndolo alisimama nje ya mlango ambao miaka yote ameufungua mwenyewe, akasubiri mpaka akaribishwe.

"Mama Sagal," akasema, "kwetu kumwogopa mtu ni kumheshimu. Uliza Mkamba yeyote."

"Nimeuliza, Mzee Ndolo. Wameniambia ni kweli."

"Sasa?"

Mumina aliendelea kupima pazia la mteja. Alipima kipande kile kile mara mbili.

"Ile fomu nilijaza pia. Niliandika sina ninayemwogopa hapa mtaani. Wakiniletea nyingine leo, nitakuandika wewe."

Mzee Ndolo akavua kofia. Nilimwona anatafuta pa kutumainia, na nikamwonea huruma.

"Kuogopa kwetu," akauliza polepole, "au kuogopa kwao?"

Mumina akakata kitambaa, akakikunja, akampa mteja.

"Kwao," akasema.