Unga wa Pole wa Bwana Kihara

Kila mtoto mchanga wa Kiislamu alipofariki katika ploti ya vyumba vya kupanga ya Bwana Kihara, mtaani Rhonda, Kuluthum ndiye aliyeitwa kumwosha. Mjane huyu, ambaye babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli kutoka Mombasa, alizoea kuosha wazee. Mwaka ule alichoshwa na vichanga. Wote waliondoka kwa kuhara. Majirani walisema kazi ya Mungu, kisha wakarudi kuchota maji kwenye mfereji uliopakana na choo.

Alipozikwa Saad, mwana wa jirani yake Najwa, kabla hajaota hata jino, Bwana Kihara aliteremka kutoka mtaa wa kitajiri wa Milimani kuleta pole. Gari alilisimamisha mbali na maji machafu. Hayo yaliwafaa wapangaji tu. Alikuja na mabunda mawili ya unga, na dereva wa kumpiga picha.

"Poleni sana," akasema. "Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Lakini na nyinyi akina mama mjifunze usafi. Muoshe mikono."

Najwa aliinamisha kichwa. Kuluthum hakuinamisha chochote.

"Tuoshe na maji gani, mzee?"

"Si mko na mfereji?"

"Ule unanuka choo? Tumekuambia tangu mvua ianze. Ukasema watu wa Rhonda ni kulalamika tu."

"Mathe, leo ni siku ya msiba. Hayo tutaongea."

"Msiba umeuleta wewe. Beba unga wako."

Makokha, fundi wa viatu aliyepanga chumba cha mwisho, akainua yale mabunda, akayarudisha garini na kufunga mlango polepole, kwa adabu iliyouma kuliko tusi.

Kesho yake wanawake walishika majembe. Walifukua bomba kutoka mferejini mpaka nyuma ya choo, wakalikuta limepasuka, limelala katika kinyesi. Najwa aliliangalia, akaketi chini palepale kwenye tope, asilie. Kuluthum akamfunika kwa leso yake, akawakataza wenzake kurudisha udongo mpaka afisa wa afya aje.

Afisa alikuja akiwa ameziba pua, akaamuru mfereji ufungwe. Kihara, aliyekosa fundi wa bomba mwaka mzima, alimpata siku hiyohiyo! Bomba jipya likapitishwa upande wa pili, naye akaja kulizindua. Ndiyo, kulizindua, kwa utepe mwekundu, akapigwa picha akinywa maji.

Haukupita mwezi, Kuluthum akapewa notisi, eti chumba chake kinahitaji ukarabati. Akahamia mtaa jirani wa Kaptembwo. Najwa alimsindikiza akisukuma mkokoteni uliobeba godoro.

"Umefukuzwa kwa sababu yetu, bibi."

"Wacha anifukuze. Huku nyuma watoto wanakunywa maji."

Ni kweli, kuhara kulipungua katika ploti ile. Siku hizi Kihara husimama kwenye harambee akieleza alivyookoa watoto wa Rhonda, na watu humpigia makofi. Kuluthum akisikia hucheka kwa pua. Kisha huuliza kama Saad ametajwa.