Baruti Siku ya Sabato

Nilikulia Migori, jirani na mashimo ya dhahabu, na huko ardhi ikitikisika mtu hakimbii. Wachimbaji wanalipua mwamba, vikombe vinagongana kabatini, Mama anashika sufuria chai isimwagike, anasema, "Baruti," na maongezi yanaendelea. Hata watoto wachanga wa kwetu hawashtuki. Nilijivunia sana jambo hilo, mpaka nilipoanza kufundisha jiografia.

Sasa nimeolewa Homa Bay, na dirisha la darasa langu linatazama Got Asego, kilima kilichochongoka ambacho zamani kilikuwa volkano. Wanafunzi huniuliza, "Mwalimu, itaamka lini?" Najibu kwamba imezimika, wasiwe na wasiwasi. Kisha naeleza mabamba yanayobeba mabara, na Bonde la Ufa linavyozidi kupanuka polepole, na tawi lake linalokuja mpaka kwenye ghuba yetu ya ziwa, na kadiri ninavyoeleza ndivyo mimi mwenyewe ninavyokosa raha. Nyumbani viatu vyangu hukaa mlangoni, vimeelekea nje. Mume wangu husema niliolewa na tetemeko, yeye ni mgeni tu.

Jumamosi moja alasiri ardhi ilitikisika kweli. Taa ya sebuleni ikayumba, mbwa wakabweka mtaa mzima. Nilitoka mbio, miguu mitupu, viatu nimeviruka palepale mlangoni. Nikampigia Mama, ambaye tangu Baba afariki anaishi peke yake kule Migori.

"Baruti tu," akasema.

"Mama, leo ni Sabato. Nani analipua?"

Kijijini kwake wengi ni Wasabato, na Jumamosi hata nyundo haisikiki.

"Basi ni wale hawajaokoka. Lakini ukuta imepasuka kidogo."

Kidogo! Kesho yake nilifika kwake nikakuta ufa umeanzia juu ya dirisha ukashuka hadi upande wa kitanda anapoweka kichwa, na vidole vyangu vyote viliingia ndani yake. Matofali yalikuwa yamebinukia ndani. Nikamwambia afunge nguo zake twende Homa Bay.

"Nilale kwa nyumba ya mkwe? Nyathina, mtoto wangu, unataka watu waseme nini?"

Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, hata iweje. Nilijua hilo kabla sijafungua mdomo. Nikamwomba basi ahamie jikoni, kibanda cha nje cha fito na nyasi wanamolala kuku, ambacho hata kikianguka hakiui mtu. Akasema hawezi kulala na kuku. Hasira zikanipanda nikalia kama mtoto, nikamweleza kwamba matetemeko hufuatana, kwamba dogo linaweza kumalizia kazi ya kubwa. Akanimiminia chai.

Nikatoka hadi kwenye migomba nikampigia mume wangu. Nikamweleza yote.

"Mwambie nakuja kesho kuhamisha hiyo kitanda mimi mwenyewe."

Hao wawili wanaheshimiana hata hawali meza moja. Mkwe aingie chumbani kwa mama mkwe, ashike kitanda chake? Kijiji kingepata la kuzungumza mpaka mavuno. Nilipofikisha ujumbe, Mama aliweka kikombe chini.

"Hawezi."

"Anakuja, Mama. Unamjua."

Kabla jua halijazama tulikuwa tunaburuta kitanda uani kuelekea jikoni, yeye mbele, mimi nyuma, kuku wakitupisha. Alinung'unika njia nzima kwamba nimeolewa na mtu asiye na adabu.

Nilirudi kazini, lakini raha sikupata. Kisha siku moja ya kazi, baada ya chakula cha mchana, Mama akapiga simu mwenyewe.

"Ukuta imeanguka. Chumba yote ni tofali."

"Ni tetemeko? Huku hatukusikia kitu."

"Baruti, ama hiyo kitu yako. Sijui. Nilikuwa nimelala kidogo, mgongo ilikuwa inauma."

Nikaketi kwenye ngazi ya darasa.

"Umelala wapi, Mama?"

"Si ni huku kwa kuku."

Nilimsikia akipumua. Nilisikia na kuku wenyewe.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "kitanda iko sawa."