Siku Kumi Tulizosema Kaka Hayupo

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ni kufuta vumbi kwenye redio.

Nafuta juu, nafuta ubavuni, napitisha kitambaa katikati ya vitufe, kisha naweka daftari na kalamu ya shangazi mahali pake. Hakuna anayenisifu kwa hilo na mimi sijali. Napenda kazi zisizohitaji kuongea.

Asubuhi hiyo nilichelewa kuamka, kwa hiyo nikafuta baada ya maitano, shangazi alipokwisha kuita vituo vyote redioni, badala ya kabla. Shangazi alikuwa uani anaanua nguo. Redio ilikuwa bado inanguruma kama mafuta ya moto yaliyotiwa maji.

Kitambaa kikanasa kwenye kitufe kimoja cha kuzungusha. Nikavuta. Kitufe kikazunguka kushoto.

Kelele zikashuka, na chini yake kaka yangu akasema:

"...nawasikia vizuri sana. Mimi nipo. Kwa nini mnasema sipo?"

Nilikaa sakafuni.

Maana ilikuwa siku ya nane tangu tumtangaze kwamba hasikiki.

Ngoja niwaweke sawa kwanza, msije mkapotea.

Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo. Aliyetulea mimi na kaka ni shangazi, dada yake baba. Shangazi si mtu wa mchezo. Amefundisha mafundi wa redio chuoni miaka ishirini na miwili, na mimi mwenyewe nimepita mikononi mwake darasani kama mwanafunzi mwingine yeyote. Alinifelisha mara moja. Nyumbani akanipikia, akanambia, "Kula, kesho urudie mtihani."

Alipostaafu, klabu ya wanaredio wa kujitolea ikahamishia kituo chake kikuu sebuleni kwetu. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shangazi anaita vituo tisa, kimoja kimoja. Kila kituo kinasoma mvua iliyonyesha usiku. Wanaoishi kando ya mto wanategemea namba hizo kujua kama walale kwao au wahame.

Kituo cha Tisa ni cha kaka. Yuko juu kabisa mlimani, peke yake, hakuna mtandao wa simu, ana kiredio kidogo kinachotumia betri ya sola. Sauti yake inatufikia kama mtu anayenong'ona kutoka chumba cha pili. Vituo vingine viko nyuma ya vilima, vinatusikia sisi tu. Kaka masikio yake yote duniani ni sisi.

Na klabu ina kanuni moja kali. Kituo kisiposikika asubuhi kumi mfululizo, ndipo watu wanapanda, kinafungwa, redio inashushwa na mtunzaji anarudishwa mjini.

Kaka anaipenda kazi ile kuliko kitu chochote. Aliniambia siku moja kwamba kule ndiko mahali pa kwanza ambapo hajawahi kuhisi anamtia mtu hasara.

Kwa siku nane shangazi alikuwa anaita, "Kituo cha Tisa, Kituo cha Tisa." Anasubiri. Spika inanguruma. Kisha anasema kwenye maiki, bila kutetemeka, "Kimya," na kuandika.

Kwa siku nane nilikuwa nalia bafuni na bomba limefunguliwa. Nilishamwona kaka amefukiwa na udongo. Nilishamwona ameumwa na nyoka. Nilishamzika, jamani.

Kumbe alikuwa anatusikia tukimzika.

Nilikimbilia uani. "Shangazi, kaka yuko hewani. Nimemsikia sasa hivi."

Alikuja haraka na kanga begani. Akainama kwenye redio, akatazama kitufe nilichokigusa, akakirudisha kulia mpaka mwisho. Ngurumo ikarudi.

"Mimi sisikii kitu."

"Lakini shangazi, umeongeza..."

"Mtu akiwa na hamu sana, hata sufuria itamwita jina. Nenda kapumzike."

"Amesema yupo."

"Ni huyo fundi wa kuchomelea hapo nyuma. Mashine yake inatia kelele mawimbi yote. Betri ya kaka yako imechoka na kelele zimezidi. Basi."

Mimi leseni ya kurusha matangazo ninayo. Sauti ndiyo sina. Sijawahi kubonyeza ile maiki hata siku moja, naogopa. Nilichoweza kufanya ni kwenda kwa fundi.

Nilisimama mlangoni pa karakana yake kama dakika tano kabla hajaniona.

"Dada, mlango wako wa choo ulishakamilika. Kuna nini tena?"

"Samahani fundi. Naomba asubuhi kidogo, kama dakika ishirini tu, usichomelee. Tunatafuta kituo kwenye redio."

Akanitazama, akamtazama mwenzake, wakacheka mpaka akashika kiuno.

"Sikia huyu. Dada, umeme wangu umekatwa wiki ya pili leo. Nachomelea kwa nini, kwa macho?"

Nikamwomba radhi. Nikaondoka huku ananiita nyuma, "Mwambie shangazi akitaka kuninyamazisha tena, kwanza anilipie bili ya umeme."

Sasa hapo ndipo kitu fulani kikaanza kunipanda kifuani, na siyo huzuni.

Redio yetu ina vitu vitatu ambavyo wageni huvichanganya. Kuna kitufe cha sauti, hicho kila mtu anakijua. Kuna busta, inayoyapa mawimbi nguvu yakiingia. Na kuna kile tunachokiita geini, kinachoamua redio ivute kwa pupa kiasi gani.

Mwanafunzi wa wiki ya kwanza akitafuta sauti hafifu, anawasha busta na kuzungusha geini mpaka mwisho. Anafikiri anasaidia. Lakini redio haijui anayempenda. Inavuta kila kitu: radi za mbali, injini, taa mbovu za mtaa mzima. Yule anayenong'ona anazama.

Dawa yake ni kufanya kinyume. Zima busta. Punguza geini taratibu mpaka kelele zikae chini. Kisha ongeza sauti, na usikilize.

Najuaje? Nilifundishwa na shangazi. Kwa kosa hilohilo ndiyo alinifelisha.

Siku ya tisa, baada ya maitano, nilijikaza.

"Shangazi, busta ilikuwa imewashwa. Na geini iko mwisho."

"Eh."

"Wewe ndiye uliyetufundisha tusifanye hivyo."

Aliendelea kupanga kalamu. "Hapa mwalimu ni nani?"

"Wewe."

"Basi mwalimu hafundishwi kusoma na mtoto aliyemfundisha a-e-i-o-u."

Nikameza maneno. Mimi nameza sana, ni tabia yangu. Lakini safari hii yalinikesha.

Niliwaza labda uzee. Labda masikio yake yameanza kuchoka na anaona aibu kusema. Nikamhurumia, mnaona ujinga wangu? Nikaamua siku ya kumi niwahi kuamka, nimwekee redio sawasawa kabla hajakaa, ili kaka asikike na shangazi asiaibike mbele ya Mwenyekiti wa klabu, ambaye angekuja asubuhi hiyo kukifunga kituo.

Saa kumi na mbili kamili nilifungua mlango wa sebule polepole.

Shangazi alikuwa ameshakaa.

Alikuwa amevaa hedifoni. Taa ya busta ilikuwa imezimwa. Geini ilikuwa chini, nusu ya nusu, pale hasa ambapo ningeiweka mimi. Mkono wa kulia ulikuwa unaandika kwenye kipande cha karatasi, na uso wake umeinama kama wa mtu anayesikiliza mtoto akisinzia.

Nilinyata hadi nyuma yake. Kwenye karatasi kulikuwa na namba. Milimita kumi na nne. Milimita sita. Sifuri. Milimita thelathini na moja. Tarehe zote kumi, mvua ya kaka yote, haijakosekana hata tone.

Alikuwa anamsikia. Kila siku. Pembeni alikuwa ameandika hata maneno ya kaka: naita nusu saa mapema, labda saa yangu imeharibika. Shangazi anaamka, anamsikiliza, anahakikisha mtoto yuko hai, anaandika. Kisha anawasha busta, anazungusha geini mpaka mwisho, anachomoa hedifoni, ananiita mimi na kusema kwenye maiki, "Kimya."

Na mimi nalia bafuni. Na yeye anasikia bomba.

Nilijirudisha nyuma mpaka koridoni. Nilikuwa sijawahi kumchukia mtu. Sikujua kwamba chuki ina joto vile.

Saa kumi na mbili na robo Mwenyekiti wa klabu akabisha hodi. Ni mwanamume mnene, mpole, kila kitu kwake anajibu "kanuni ni kanuni." Alikuja na fomu ya kufunga kituo.

"Pole sana, mwalimu," akamwambia shangazi. "Kijana wetu alikuwa mzuri. Lakini kanuni ni kanuni."

"Naelewa," akasema shangazi. "Arudi tu nyumbani."

Maitano yakaanza. Kituo cha Kwanza, cha Pili, mpaka cha Nane, wote wakasoma. Spika inanguruma.

"Kituo cha Tisa, Kituo cha Tisa."

Ngurumo.

Shangazi akainua maiki mdomoni. Mwenyekiti akafungua kalamu.

Nilipita katikati yao. Nilizima busta. Nikageuza geini kushoto, zaidi, zaidi, mpaka chumba kikawa kama kimefungwa madirisha. Nikaongeza sauti.

"...Kituo cha Tisa kwa kituo kikuu. Milimita tisa. Narudia, milimita tisa. Nawaomba, mtu yeyote anijibu. Nimekosea nini?"

Kalamu ya Mwenyekiti ikaanguka.

"Huyu si ndiye..."

"Ndiye," nikasema. "Na huyu amemsikia kila siku. Shangazi, mwonyeshe karatasi."

"Binti, toka hapo."

"Mwonyeshe karatasi."

"Nimesema toka."

Nilichukua maiki mkononi mwake. Niliibonyeza, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, vituo vyote vikisikiliza.

"Kituo cha Tisa, hapa kituo kikuu. Kaka, ni mimi. Tunakusikia. Hatujaacha kukusikia hata asubuhi moja. Betri yako ni nzima, saa yako ni nzima. Hapa ndipo palipokuwa na mtu anayekuzamisha kwa mkono wake."

Kisha, hafifu:

"Nani?"

Nikamtazama shangazi. Sikumwonea huruma hata chembe.

"Aliyekulea."

Mwenyekiti alikuwa anapekua kitabu chake kidogo cha kanuni, mbele, nyuma, tena mbele. "Kanuni haisemi kitu kuhusu hili," akanong'ona.

Shangazi akakaa. Alionekana mdogo ghafla, lakini mimi nilikuwa bado nawaka.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Umeniacha nimlilie mtu aliye hai. Umemwacha apige kelele peke yake mlimani siku kumi. Ungemnyang'anya kazi yake kwa karatasi, halafu ungempokea getini na kumwambia pole?"

"Miaka miwili," akasema. "Tuligombana alipoondoka, unajua. Miaka miwili kila asubuhi ananipa namba tu, na nyumbani haji. Milimita hizi, milimita zile. Ningefanyaje?"

"Ungemwambia."

"Mbele ya vituo vinane?"

"Si ulimtangaza hayupo mbele ya vituo hivyohivyo?"

Nikamsukumia maiki.

Alibonyeza. "Kituo cha Tisa, hapa kituo kikuu. Nguvu ya mawimbi yako ni..."

"Shangazi, acha namba."

Aliachia maiki.

Nimeandika haya na sijamsamehe vizuri. Najua wengine mtasema mlezi ni mama, tena aliwapenda. Alitupenda, sawa. Lakini msomaji, ukimhitaji mtu, mwite. Usimbomolee alipo ili akose pengine pa kwenda, ukaita hayo mapenzi. Na wewe unayemeza kila siku kama mimi, ukiona sauti ya mtu inazamishwa, usisubiri siku ya kumi.

Mwenyekiti alikuwa ameikunja ile fomu na kuitia mfukoni. Kwenye spika kaka alikuwa hasemi, ila nilijua bado yupo, mawimbi ya mtu aliyebonyeza maiki bila kuongea yanajulikana.

Kaka akaachia maiki yake, akatupa nafasi ya kuongea.

Shangazi akabonyeza tena. Safari hii alifumba macho.

"Mwanangu, kituo chako hakifungwi, kaa nacho. Mimi ndiye niliyekuwa naumia kwa kukukosa, na sikujua namna ya kukuambia. Nimekukumbuka sana. Nakuomba uje, hata kwa siku mbili, kwa mapenzi yako mwenyewe."